Chini ya Mablanketi ya Bi Ghania

Asubuhi ile ya Januari Resty aliinua upindo wa sweta la Bi Ghania, akasita. Kulikuwa na harufu. Haikuwa ya jasho wala ya mkojo, maana hizo alikwisha kuzizoea na hazikumtisha. Hii ilikuwa ya chachu, kama unga uliolowekwa ukasahauliwa kwenye bakuli lenye kifuniko. Alimtazama bibi usoni. Bi Ghania alikuwa amefumba macho na kukaza midomo, na mkono wake mmoja umelishika sweta lisipande zaidi.

"Wacha," alisema. "Baridi."

"Jaja, nibadilishe tu hii ya ndani. Imelowa."

"Nimekwambia wacha, mwanangu. Nenda kanitilie chai."

Resty akaliteremsha sweta. Jikoni aliteleka maji, akasimama kuyangoja yachemke. Hakujua alichokuwa anakiogopa, ila alijua kwamba chini ya zile nguo kuna kitu, na kwamba kitu hicho, kiwe nini, kitaulizwa kwake.

Alikuwa Mganda, mtoto wa koplo, aliyezaliwa na kukulia kambini Mbarara. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili, Kiswahili cha amri na cha foleni ya maji, na siku ya kwanza alipokisema mbele ya Bi Ghania, bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Bi Ghania alizaliwa Unguja. Jamaa zake walihamia Maskati angali mama kijana, kisha mumewe akawaleta Dubai, na miaka yote hiyo hakukiacha Kiswahili chake cha nyumbani. Mwanawe Aidarus alikielewa lakini alipenda kujibu kwa Kiarabu. Mkwewe, Sundus, hakukijua kabisa. Kwa hiyo katika nyumba ile ya Al Garhoud, nyuma ya uwanja wa ndege, Kiswahili kilikuwa mali ya wanawake wawili, mmoja kitandani na mmoja pembeni ya kitanda. Resty alimwita Jaja, kama wanavyomwita bibi kwao, na Bi Ghania aliuliza maana yake mara moja tu, akaridhika.

Resty hakuajiriwa kuuguza. Alikuja kufagia na kupiga pasi, baada ya hoteli alimokuwa akifanya kazi kupunguza watu. Kisha Bi Ghania akateleza bafuni, akavunjika nyonga, na tangu hapo akawa mtu wa kitanda na kiti. Alikuwa mwanamke mnene, wa kifua kizito na tumbo lililomlalia mapajani akikaa. Resty alipata nguvu za kumgeuza na kumwinua kwa kufanya tu, kila siku, bila mtu wa kumwonyesha.

Siku alipokabidhiwa kazi hiyo, Sundus alimwita sebuleni. Sundus hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisema polepole, kwa Kiingereza chenye Kiarabu ndani yake, huku akimtazama mtu machoni, na ndiyo maana Resty alimwogopa.

"Aliyekutangulia, mwanangu aliungua mkono mbele yake. Akamfunga kitambaa, akanyamaza. Nilikuja kujua ngozi imeshaanza kuoza. Siku ile ile alipandishwa ndege. Kosa mimi nasamehe, Resty. Kufichwa sisamehi."

"Ndiyo, madam."

Maneno hayo alilala nayo na kuamka nayo. Na kila ndege ilipopaa juu ya paa, vioo vikatetemeka kidogo, Resty alifikiri habari za yule msichana ambaye hakuwahi kumjua hata jina.

Majira ya baridi ya mwaka ule yalimbana Bi Ghania. Mvua ilinyesha, upepo ukavuma kutoka jangwani, na sakafu ya marumaru ikawa kama barafu. Bibi alivaa fulana ya nailoni yenye mikono mirefu, juu yake gauni, juu yake sweta, kisha akajifunga kanga kifuani, akajifunika mablanketi mawili, na hita ikawaka karibu na miguu yake kutwa nzima. Kuoga alikataa. "Mkinitia maji mtanizika," alisema, na Aidarus alipopita asubuhi kumbusu kichwani, alisema mama yake aachwe apate joto. Resty akawa anampangusa uso, kwapa na miguu kwa kitambaa cha maji moto, na pengine pote bibi alisema atajipangusa mwenyewe chini ya blanketi. Siku zikaenda hivyo.

Kesho yake baada ya ile harufu, Resty alijipa moyo. Aliingia na beseni, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya kambini, ile ambayo bibi huichekea, "Jaja, leo naona." Bi Ghania hakucheka. Aliuachia mkono wake ukaanguka kitandani.

Chini ya tumbo, pale ngozi inapokunjika na kulalia ngozi nyingine, palikuwa pamechubuka, pekundu kama ndani ya mdomo. Pamelowa. Ngozi ilikuwa inang'aa kwa majimaji, na katikati kabisa ya mkunjo kulikuwa na ufa mwembamba mrefu, kama karatasi iliyokunjwa mara nyingi ikaanza kuachana. Kando kando vipele vidogo vilikuwa vimetawanyika. Chini ya matiti hali ilikuwa hiyo hiyo, ila huko kulikuwa na vibonge vya poda vilivyogandamana na liwa, unga wa mti wa kunukia. Bibi alikuwa anajitibu mwenyewe gizani, kwa kupapasa, pasipo mtu kujua.

"Tangu lini, Jaja?"

"Tangu ile mvua ya kwanza. Panawasha. Sasa panachoma."

"Nimwambie madam."

Bi Ghania alimkamata kifundo cha mkono. Hakuwa na nguvu miguuni, lakini mikononi alikuwa nazo.

"Humwambii mtu. Wala Aidarus, wala huyo mkewe. Sikiliza, Resty. Mie nilikuwa na dada, Nana, huko Maskati. Alianza na kidonda kidogo tu, hivi hivi, cha mahali panapokunjika. Wakampeleka hospitali. Wakasema sukari. Wakamkata kidole, wakamkata mguu, na mara ya tatu walituletea mwili tukauosha. Niliuosha mimi kwa mikono hii. Mie sitaki kukatwa."

"Labda si hiyo."

"Niapie kuwa hutosema."

Resty hakuapa. Lakini hakusema hapana pia. Alishusha macho, akaanza kukamua kitambaa, na bibi akalichukua hilo kuwa kiapo. Baadaye Resty mwenyewe akaona kwamba ndivyo lilivyokuwa.

Akafanya alivyojua. Alichemsha maji, akatia chumvi, akatia na dawa ya kuua vijidudu ile ya kufutia sakafu ya choo, kidogo tu, akapangusa. Bi Ghania aliing'ata ncha ya kanga mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na hakutoa sauti, kwa kuogopa wa nje wasisikie. Resty alifanya haraka ili bibi asipigwe na baridi, akamrudishia fulana ya nailoni ngozi ikiwa bado mbichi, akaongeza hita. Siku ya pili palikuwa pekundu zaidi. Siku iliyofuata harufu ilisikika hata kabla ya kufunua, na Resty akaanza kufungua dirisha kidogo asubuhi, na kuchoma udi, ili Aidarus akija kumbusu mama yake asinuse kitu.

Hapo ndipo alipojua kwamba sasa anaficha. Si bibi tena. Ni yeye.

Ijumaa, siku yake ya kutoka, alikwenda Karama kwa Barbara. Barbara ni Mganda mwenzake, walifanya kazi pamoja hotelini, sasa alikuwa mlinzi kwenye duka kubwa na alikodi kitanda katika chumba cha wanawake wengi. Walikaa kwenye mkahawa mdogo chini ya jengo, mbele yao chai ya maziwa, na Resty akasema yote kwa Kiganda, kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na aliyewasikiliza.

Barbara alikunja uso. "Ukisema, watasema wewe ndiye hukumuosha."

"Najua."

"Usiposema, akafa je?"

Resty hakuwa ameliwaza neno hilo. Aliliona sasa limekaa mezani kati yao. "Hawezi kufa kwa vipele."

"Mimi si daktari. Lakini mzee akifa na vidonda chini ya nguo, hutaulizwa na madam. Utaulizwa na polisi." Barbara aliona jinsi mwenzake alivyobadilika, akalainisha sauti. Alipekua mkoba wake, akatoa kijibomba cha krimu. "Chukua hii. Mimi natumia usoni chunusi zikitoka, zinapotea upesi. Inakausha kila kitu."

Ilikuwa krimu ile inayouzwa chini chini kwa wanawake wanaotaka kung'arisha uso. Resty alijua hivyo, na bado aliishika kama mtu aliyetupiwa kamba.

Na mwanzoni ilifanya kazi. Alipaka nene asubuhi na jioni, na mwasho ukakatika. Bi Ghania alilala usingizi mzuri, akaamka akamwombea dua, yeye na wazazi wake huko Mbarara. Wekundu ulififia. Resty alipika uji akiimba. Kwa siku chache hizo aliamini kabisa kuwa limepita, na hata ndege zilipopaa hakuzisikia.

Kisha ikarudi, na ikarudi na zaidi. Wekundu ulitoka ndani ya mkunjo ukaanza kupanda tumboni na kushuka pajani, hauna tena mpaka. Ngozi ilikuwa nyembamba kama ya kitunguu, na alipoigusa kwa nyuma ya vidole ilikuwa ya moto. Bi Ghania alikataa chakula. Alisema anaona uchovu tu. Resty akazidisha krimu, maana hakuwa na kitu kingine, na kila alipopaka alijiambia kwamba kesho atasema. Asubuhi ikifika aliisikia sauti ya viatu vya Sundus kwenye ngazi, akarudi kuchoma udi.

Asubuhi moja aliingia na chai akakuta mablanketi yote yako sakafuni. Bi Ghania alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, na paji la uso linawaka. Alimtazama Resty kwa furaha ya ajabu.

"Nana," alisema. "Umekuja na mguu wako."

Resty aliiweka chai mahali pasipo na meza, ikaanguka. Hakusikia ikivunjika. Alifunua gauni. Wekundu ulikuwa umefika kiunoni, na kwenye ule ufa wa chini ya tumbo usaha ulikuwa unatoka. Alishuka ngazi akijishikilia ukutani. Mlangoni Sundus alikuwa anavaa abaya ili aende kazini, funguo za gari mdomoni.

"Madam, Bibi ni mgonjwa. Ana kidonda chini ya tumbo. Anacho muda mrefu. Mimi nilijua."

Alisema yote kwa pumzi moja, kwa sababu alijua akisimama katikati hatamaliza. Sundus alizitoa funguo mdomoni. Alipanda juu, akafunua, akatazama, na Resty aliyekuwa nyuma yake aliona mgongo wake ukikakamaa. Kisha akampigia Aidarus simu, na ambulensi ikaja, na watu wawili wakamtoa Bi Ghania juu ya machela huku akimlilia Nana asiwaache wamkate.

Kabla ya kuondoka Sundus aligeuka. "Umempaka nini?"

Resty alimpa kile kijibomba. Sundus alisoma maandishi yake, akakitia kwenye mkoba. "Kaa hapa. Usiende popote. Sijui nitakufanyaje."

Akabaki peke yake katika nyumba nzima. Alisafisha chai iliyomwagika. Alitandua kitanda, akafua shuka, akazima hita. Kazi zilipokwisha aliingia chumbani kwake, akatoa begi chini ya kitanda, akakunja nguo zake moja moja akazipanga ndani, ili wakija kumchukua asipewe aibu ya kuharakishwa. Pasipoti ilikuwa kabatini mwa Sundus. Alimpigia Barbara, na Barbara hakupokea. Alisali rozari, lakini kila alipofika katikati akasahau yuko wapi, akaanza upya. Alikuwa hajui bibi ni mzima au amekufa, na aliona haya kwamba hofu hizo mbili, ya Bi Ghania na ya nafsi yake, zilikuwa zimechanganyika hata asiweze kuzitenganisha.

Jioni Sundus alirudi kuchukua nguo, akasema bibi yu hai, akaondoka tena. Siku ya pili hakuna aliyempigia. Siku ya tatu, mchana, gari la Aidarus lilisimama mlangoni.

"Ingia," alisema kwa Kiswahili. Alikuwa hajanyoa ndevu.

"Nichukue begi, sir?"

Alimtazama kama hakuelewa. "Ingia tu. Yalla."

Gari likatoka Al Garhoud. Aidarus hakuwasha redio. Waliingia barabara kubwa, na Resty akaona kibao cha uwanja wa ndege, mshale unaelekea kulia, na gari likasogea kwenye njia ya kulia. Basi ndivyo inavyokuwa, aliwaza, bila begi, bila kuaga, na nguo hizi za kazi. Aliwaona wazazi wake wakimpokea Entebbe mikono mitupu. Alipanga maneno kichwani, sir, nisamehe. Jengo la abiria likawa karibu, akaona watu na mizigo yao, na mkono wake ukakikamata kitasa cha mlango bila kujua kwa nini. Ndipo Aidarus akawasha taa ya kushoto, akalipita lori, akaendelea moja kwa moja kuelekea mtaa wa Al Muraqqabat. Uwanja ukabaki nyuma. Resty alikuwa amelowa jasho mgongo mzima, katika baridi ile.

Hospitali ilikuwa na joto la kadiri na harufu ya sabuni. Mlangoni mwa chumba walikutana na muuguzi mnene mwenye miwani, Mkenya wa Taveta, jina lake Jecinta.

"Wewe ndio unamwoshanga huyu mama?"

Resty alikubali kwa kichwa.

"Sawa. Mimi si polisi, pumua. Nilimwambia huyu mzee aniletee mtu anayemshika kila siku, kwa sababu kesho kutwa mama akirudi nyumbani si yeye atamgeuza." Alimtupia Aidarus jicho, na Aidarus akaenda kusimama dirishani.

Bi Ghania alikuwa kitandani, mpira wa dawa mkononi, macho yake safi. Alimwona Resty, akageuzia uso ukutani.

Jecinta alifunga pazia. Alieleza huku akifanya kazi, na Resty alisimama karibu kuona. Hapa, alisema, ngozi imelalia ngozi. Hakuna hewa. Jasho linakaa, joto linakaa, fangasi wanashukuru Mungu. Kisha mkunjo unachanika, vijidudu vingine vinaingia kwenye ule ufa, na hapo ndipo homa inapokuja. "Watu wanadhani hii ni shida ya kiangazi. Baridi ndiyo inawadanganya. Mtu amevaa nguo nne, nailoni ndani, hita inamchoma, na kuoga hataki. Ndani ya zile nguo ni Julai ya Dubai."

Alitumia maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Hakusugua. Alikausha kwa kugusagusa na taulo laini, akainua mkunjo kwa mkono mmoja, akaupepea kwa kipande cha boksi mpaka ngozi ikapoteza ule mng'ao. Nyumbani, alisema, tumia mashine ya kukaushia nywele, lakini upande wa hewa baridi, na ujaribu kwanza kwenye mkono wako. Alipaka dawa ya fangasi, nyembamba hata haikuonekana. Kisha akakunja kitambaa cha pamba, akakilaza ndani ya mkunjo, ncha yake ikatokeza nje.

"Hiki kinakaa kati ili ngozi isishikane. Kikilowa, toa, weka kikavu. Kanga kuukuu iliyofuliwa vizuri inafaa. Nguo ya kwanza mwilini iwe ya pamba, sweta juu yake, hapo hata akitaka matatu. Washa hita kabla ya kumwogesha, chumba kipate joto, halafu uizime. Poda hapana. Liwa hapana. Dawa ya choo, maana mama ameniambia..." Alimtazama Resty juu ya miwani.

"Hapana," Resty alisema.

"Na ile krimu. Ile ililaza mwasho, ikaunyima mwili nguvu ya kupigana, fangasi wakala vizuri. Ukiona wekundu umetoka nje ya mkunjo, au ngozi ya moto, au homa, unasema siku hiyo hiyo. Si kesho yake."

Sundus alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Resty hakumwona alipoingia. Aliuliza kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake ya chini, "Sister, niambie ukweli. Huyu msichana ndiye amesababisha?"

Jecinta alivua glavu, akafungua pazia. "Vipele hapana, madam. Hivyo hata hapa wodini wagonjwa wanavipata, na wauguzi tuko wengi. Kuchelewa na krimu, ndiyo, vilizidisha. Lakini mgonjwa mwenyewe ameniambia alimkatalia mtu yeyote asimguse wala asiseme. Nyumba nzima ilikuwa inamfunika mablanketi."

Dirishani Aidarus alikuwa amefunika macho kwa kiganja.

Sukari ilipimwa, na kweli ilikuwa imepanda, ila si kwa kiasi cha kutisha, na daktari akaandika vidonge. Bi Ghania hakumwamini. Kila asubuhi, mpaka siku ya kuruhusiwa, aliinua shuka akahesabu miguu yake, wa kulia na wa kushoto, kisha ndipo akakubali kunywa chai.

Resty hakufukuzwa. Wala hakuambiwa kwamba hatafukuzwa. Sundus alimnyima Ijumaa zake kwa muda, na begi lilikaa limefungwa chini ya kitanda wiki nyingi, kwa sababu hakuthubutu kulifungua. Bi Ghania alikuwa mkali kuliko wote. Alijiacha aoshwe, akaushwe, awekewe vitambaa, lakini hakusema na Resty ila kwa kumtaja mbele ya ukuta: mwambieni huyo maji ya moto, mwambieni huyo taratibu. Resty alikata kanga kuukuu vipande vipande, akavifua, akavianika juani, akavipiga pasi. Ufa ulifunga polepole. Ngozi ikabaki na weusi pale palipochubuka, lakini ikawa kavu.

Siku moja Sundus alisimama mlangoni wakati wa kuoga. Alikuwa amekunja mikono ya gauni.

"Nionyeshe," alisema.

Resty alimwonyesha. Sundus alianza kwa kuogopa, akigusa kwa ncha za vidole, kisha akatulia. Walifanya kazi pamoja. Bi Ghania alitazama dari. Walipotoka nje na beseni, Sundus alisimama kwenye ukumbi.

"Ile harufu na mimi niliisikia," alisema. "Nikajiambia ni dawa zake. Sikutaka kumfunua mama wa mume wangu." Aliangalia maji ndani ya beseni. "Kuanzia sasa kila Ijumaa naangalia mwenyewe. Wewe Ijumaa nenda zako."

Resty alikwenda Karama, na Barbara alipomuuliza yaliyotokea alishindwa kusimulia vizuri, maana kila alipofika pale kwenye njia ya kulia, alirudi kuanza mwanzo.

Desemba iliyofuata upepo ulirudi. Usiku wa kwanza wa baridi Resty hakulala vizuri. Asubuhi aliingia chumbani, akawasha hita, akatandaza taulo. Bi Ghania alikuwa macho. Tangu Ramadhani alikuwa ameanza tena kumsemesha, maneno machache, ya kazi tu.

"Resty," alisema. "Hebu nchungulie hapa chini ya titi. Panawasha."

Resty alichungulia. Palikuwa na wekundu mdogo, wa upana wa kidole, bado mkavu. Ilikuwa kama vile mwaka mzima haukupita. Aliteremka ngazi akishika ukuta, akamkuta Sundus anakunywa kahawa, akamwambia. Sundus aliweka kikombe chini, akatafuta miwani yake, wakapanda pamoja.

Waliinama wote wawili juu ya kitanda, wakatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mnatazama nini?" Bi Ghania alisema. "Fanyeni upesi. Nasikia baridi."